Edamame kaskazini: baridi inasingiziwa

Dada yangu, ambaye sasa anaishi Edmonton nchini Kanada, ana kipande cha bustani nyuma ya nyumba na hamu isiyoisha ya edamame, yaani soya inayovunwa ingali mbichi, ikachemshwa pamoja na maganda yake na kuliwa kwa chumvi. Majirani zake humwambia kwamba huko ni baridi mno kwa zao hilo. Kwa kuwa mimi ndiye mkulima wa familia, ingawa shamba langu ni kipande kidogo tu pembezoni mwa Nairobi, swali hilo limeniangukia mimi, na baada ya kulijibu kwa simu mara kadhaa nimeona heri niliandikie.

Jibu langu ni kwamba baridi inasingiziwa. Ukilinganisha usiku wa Julai wa Edmonton na wa Nairobi, hutaona tofauti ya kutisha, kwani kote kuwili joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12 hivi, na mchana wa kule, huo ukiwa ndio msimu wao wa joto, mara nyingi huwa na jua zuri kuliko Julai yetu ya mawingu na masweta. Kinachoitenganisha miji hii ni urefu wa mchana. Nairobi iko karibu na ikweta kiasi kwamba siku yenye mchana mrefu kuliko zote haiizidi ile yenye mchana mfupi hata kwa dakika kumi, ilhali Edmonton mwezi Juni hupata mchana wa saa 17. Soya, nayo, ni mmea unaopima giza: aina nyingi hazitoi maua mpaka usiku urefuke vya kutosha.

Soya yenyewe ndiyo iliyosaidia jambo hili kueleweka. Watafiti wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani, Garner na Allard, walipanda aina iitwayo Biloxi kwa awamu, wakaona kwamba mimea iliyotangulia na iliyochelewa ilichanua karibu wakati mmoja, mwezi Septemba. Mwaka wa 1920 wakachapisha maelezo kwamba urefu wa mchana ndio uliokuwa ukiamua. Aina kama hiyo ikipandwa Edmonton itarefuka na kujaa majani ya kupendeza, kisha itaanza kufikiria maua wakati jalidi iko mlangoni. Jirani atakayeipita ikiwa imeungua atasema ni baridi, na hatakuwa amedanganya, ila atakuwa amemshika mshtakiwa wa pili akamwacha wa kwanza.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mkulima wa kaskazini humalizika dukani, kabla hajagusa jembe. Soya hupangwa kwa makundi ya ukomavu, kuanzia 000 kwa zile zisizojali sana mchana mrefu hadi X kwa zile za nchi za joto, na anayelima kaskazini kama dada yangu anapaswa kutafuta zile za mwanzo kabisa wa orodha. Pakiti za mbegu za bustani mara nyingi huandikwa tu idadi ya siku za kufikia mavuno. Zenye siku 75 hadi 90 zinafaa kujaribiwa, mradi akumbuke kwamba siku hizo huongezeka mahali penye ubaridi. Ipo aina ya Envy, iliyotokana na kazi ya mzalishaji wa mimea Elwyn Meader huko New Hampshire, Marekani, na ipo Fiskeby ya Uswidi, ambayo Sven Holmberg aliizalisha karibu na Norrköping, mahali palipo kaskazini zaidi hata ya Edmonton.

Msomaji wa Nairobi asishawishike kuagiza mbegu hizo kwa kudhani kwamba zilizozoea baridi zitaifaa Limuru. Kwa usiku wetu wa saa 12 zitachanua zikiwa bado fupi kama kiganja, zibebe maganda machache, zikome hapo. Isitoshe, mbegu haziingizwi nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya linalokagua afya ya mimea. Mimi hupanda SB19, soya iliyozalishwa kwa ajili ya ukanda wa joto, mvua za masika zinapoanza.

Baridi ina sehemu yake, nami siikatai. Mbegu ya soya huumia zaidi katika saa za kwanza inapofyonza maji, na maji hayo yakiwa ya baridi, mbegu huoza kabla hata ya kuchipua. Ni afadhali kusubiri udongo ufike nyuzi 15 au zaidi asubuhi, ukisaidiwa na karatasi nyeusi ya nailoni iliyotandazwa wiki mbili kabla, kuliko kuwahi kwa pupa. Hatari nyingine huja wakati wa maua, ambapo usiku kadhaa wa baridi hufanya maua yaanguke bila kufunga maganda. Aina zenye vinyweleo vya kahawia kwenye maganda huvumilia hali hiyo kuliko zenye vinyweleo vyeupe, na kwa bahati mbaya soko la Japani hupendelea vyeupe kwa sura yake. Anayekula nyumbani kwake hana haja ya kujali sura.

Udongo wa huko hauna bakteria wanaohitajika na soya, wale wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi na kuipatia naitrojeni kutoka hewani, hivyo mbegu ichanganywe nao kabla ya kupandwa. Hapa kwetu tunayo Biofix kwa kazi hiyohiyo. Ng'oa mche mmoja unapokaribia kuchanua, upasue kinundu cha mzizi kwa ukucha: kikiwa chekundu kama nyama changa, kinafanya kazi, na samadi nyingi haitakuwa na faida isipokuwa kuvifanya vinundu vizembee.

Kuvuna ndiko kunakotaka jicho. Inua ganda lielekee jua, utaona kivuli cha punje tatu. Zikiwa zimeachana, subiri, na zikikaribia kugusana huku ganda likiwa bado kijani kibichi, kata shina zima siku hiyohiyo, kwa sababu maganda mengi hukomaa pamoja na nafasi hiyo haizidi sana wiki moja. Ganda likianza kuwa na umanjano, punje huwa ngumu na utamu wake hupungua. Sukari huendelea kupungua hata baada ya kuvuna, basi maji yenye chumvi yawe yanachemka jikoni. Dakika tano zinatosha, wala zisiliwe mbichi kabisa, maana soya mbichi huzuia mwili kumeng'enya protini. Zinazobaki zichemshwe dakika mbili au tatu, zitumbukizwe kwenye maji baridi, zikaushwe, kisha ziwekwe kwenye friza zikiwa ndani ya maganda yake.