Kuhamisha kodi ya MS-DOS 2.0 kutoka MASM kwenda NASM

Mwaka 2018 Microsoft iliiweka GitHub kodi (msimbo chanzo) ya MS-DOS 1.25 na 2.0, mfumo endeshi wake wa zamani, kwa leseni huria ya MIT. Lakini toleo la 2.0 limeandikwa kwa MASM, asembla ya Microsoft (programu inayogeuza amri kuwa baiti za mashine), ambayo si programu huria. Ukitaka kuijenga kwa NASM, asembla iliyo huria, makosa yanayopigiwa kelele na asembla yasikutishe. Ya kuogopwa ni yale yanayopita kimya, na kubwa kuliko yote ni `ASSUME`, mstari unaoiambia MASM kila rejista ya segmenti (CS, DS) inaelekeza sehemu gani ya kumbukumbu.

Kodi ikisema `ASSUME CS:DOSGROUP, DS:NOTHING`, MASM huongeza yenyewe baiti 2E mbele ya amri inayosoma kigeu cha DOSGROUP (kundi la segmenti za DOS yenyewe), ili kisomwe kupitia CS. NASM haina `ASSUME`. Ukiufuta tu mstari huo, kodi itakubalika vizuri, ila amri itasoma kupitia DS. Na pale INT 21h (amri ambayo programu huitumia kuiita DOS) inapoingia, DS bado ni ya programu iliyoita! Kerneli itasoma takataka, au itaandika juu ya data ya mwenzake. Kwa hiyo pitia kila `ASSUME` kwa jicho, uandike mwenyewe, kwa kigeu kiitwacho `idadi`, `mov ax,[cs:idadi]`.

Halafu mabano. Kwa MASM, `mov ax,idadi` huleta kilichomo. Kwa NASM huleta anwani. Yawekee mabano kwanza majina yote ya vigeu yasiyo na `OFFSET` (neno la MASM la kuomba anwani), ndipo uondoe `OFFSET`. Ukigeuza mpangilio huo hutaweza tena kutofautisha kipi kilikuwa kipi. Majina ya `EQU` (namba zisizobadilika) yaache bila mabano.

`RET` iliyo ndani ya `PROC FAR` (utaratibu unaoitwa kutoka segmenti nyingine) iandike `retf`, la sivyo steki itaharibika. `DB 10 DUP (0)` inakuwa `times 10 db 0`. NASM hutofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye lebo, na haikumbuki kama kigeu ni cha baiti au wodi, hivyo andika `inc word [idadi]`. Juu ya kila faili weka `cpu 8086`. Bila hiyo, `jz` ya mbali hugeuka amri ya 386, ambayo prosesa ya 8086 haiijui.

Mwisho, linganisha na faili iliyotoka MASM. Usitumie `cmp` peke yake: `mov ax,bx` ni 8B C3 kwa MASM na 89 D8 kwa NASM, maana ikiwa ile ile. Pitisha zote mbili kwenye `ndisasm -b 16`, inayogeuza baiti kuwa amri tena, ondoa safu ya baiti, kisha `diff`. Anwani zikianza kupishana kwa baiti moja, tafuta `jmp` ya kwenda mbele: MASM ya zamani huitengea baiti 3 na kujaza nafasi inayobaki kwa NOP (amri isiyofanya kitu). Andika `jmp short`, kisha `nop`.