Siku yangu na klarineti ndogo

Saa 1 asubuhi. Jirani wa chini bado amelala, kwa hiyo sipulizi. Nabonyeza vidole tu, macho kwenye karatasi. Usiku tunapiga Till Eulenspiegel ya Richard Strauss, hadithi ya mtundu Till inayosimuliwa na okestra, kazi iliyosikika mara ya kwanza hapa hapa Cologne, Ujerumani, mwaka 1895. Strauss aliandikia klarineti ya D, yaani ukisoma C, inayosikika ni D. Mimi, kama wapigaji wengi, ninayo ya E-flati, iliyo juu zaidi kwa nusu toni, hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili, basi kila noti naishusha nusu toni papo hapo. Yeye kaandika E-flati, mimi nabonyeza D; flati zake tatu (alama za kushusha noti) nazisoma kama shapu mbili (za kupandisha).

Saa 4, mazoezi ya mwisho. Nimekulia kwenye kwaya ya kanisa, tukiimba kwa solfa, na hilo linanisaidia mno. Aliyezoea kuambiwa leo do ni F, kesho do ni G, haogopi kuhama ufunguo. Tatizo, Strauss hatulii. Anapanda nusu toni kwa nusu toni, na solfa inaniacha njiani. A yake iliyoondolewa flati kwangu ni G-shapu, na kidole kinatakiwa kijue kabla ya kichwa. Wenzangu wengine huandika upya sehemu nzima. Siwalaumu, lakini vidole vikishazoea, karatasi mpya inakuchanganya tu.

Saa 7, supu na usingizi.

Saa 12 jioni nachagua ulimi wa mwanzi, ule unaotetema mdomoni na kutoa sauti. Ule wa jana umekaushwa na hita, unapiga kelele kama kuku. Natupa.

Saa 2 usiku. Till anakejeli watu weee, mwisho ananyongwa, na ukelele wake ni wangu: noti za juu kabisa, okestra nzima ikisikiliza.

Baada ya mapumziko ni Symphonie fantastique ya Berlioz, ya mwaka 1830, ndoto za msanii aliyezama kwenye mapenzi. Klarineti ndogo inasubiri hadi sehemu ya tano. Ikipoa sauti inashuka, kwa hiyo naificha ndani ya koti na kuipulizia pumzi ya moto kimyakimya. Kisha karamu ya wachawi: wimbo wa mpenzi wake msanii unarudi umegeuzwa ngoma ya kihuni, na ni mimi ninayeuharibu. Raha iliyoje! Tena hapo Berlioz kaandika E-flati yenyewe.

Saa 5 usiku, tramu. Kesho tunaanza kazi ya Shostakovich, mtunzi wa Urusi. Naye ni E-flati, namshukuru Mungu.