Siku moja maishani mwangu: maabara ya damu, Unguja

Saa 12 asubuhi. Daladala ya Bububu hadi Darajani, chai na mkate wa kumimina, kazini.

Saa 2. Kuhakiki mashine ya kuhesabia damu. Lazima ifanywe, lakini haina la kusimulia.

Saa 3 na nusu. Wodini wameleta tyubu ya kifuniko cha zambarau. Kijana, homa, fizi zinamtoka damu, anahema. Seli nyeupe: 140,000 kwa mikrolita. Mtu mzima mwenye afya huwa na baina ya 4,000 na 11,000. Narudia kupima, ni zile zile.

Saa 4. Slaidi, rangi ya Giemsa, hadubini. Seli changa zimetanda, kiini kimeijaza karibu seli nzima. Ndani ya moja nakiona kijiti chekundu, chembamba, kimelala upande: kijiti cha Auer. Basi ni leukemia kali ya mieloidi, saratani ya damu inayokwenda kasi. Nampigia daktari kabla hata ya kuandika majibu. Anasema damu ya kuongezewa hatoiharakisha, isije ikaifanya damu yake nzito zaidi mishipani.

Saa 7, nimeshasali adhuhuri. Mwanafunzi wa mazoezi ananivizia. "Maalim, yule mzee wa kliniki seli zake nyeupe zinapita 200,000 na huja kwa baskeli. Huyu mbona anahema?"

Swali hilo hata wakubwa zake hawaliulizi. Mzee ana leukemia sugu ya limfu, inayokwenda polepole, seli zake ndogo. Za kijana ni kubwa, hazikunjiki vyema, na zinanata. Ukuta wa ndani wa mshipa huwa na selektini, protini zinazodaka sukari iliyo juu ya seli. Seli ikapunguza mwendo, ikabingirika. Ndipo integrini yake, protini ya kushikilia iitwayo VLA-4, inapojifunga kwenye VCAM-1, kishikio cha ukuta. Jahazi likiingia bandari ya Malindi hapa Unguja hufanya hivyo hivyo: hupunguza mwendo kwanza, kamba baadaye.

Seli nyeupe zenye afya nazo hupita njia hii kufuata kidonda. Saratani haikubuni kitu. Ila hizi humwaga kemikali zinazouchochea ukuta kutoa vishikio zaidi. Vijishipa vya mapafu na ubongo vikaziba. Na zinazonata ndani ya uboho, dawa huziua kwa shida.

Saa 10. Kijana ameanzishiwa haidroksiurea, dawa ya kupunguza seli nyeupe, na anaandaliwa safari ya Muhimbili. Namkabidhi mwenzangu wa usiku: sampuli nyingine alfajiri, na slaidi aitazame kwa macho yake, asiiachie mashine peke yake.