Mainasi Kumi na Nane

Mei 2019 nilikuwa idara ya ubora katika kiwanda kimoja cha samaki hapa Jinja, na kuna juma tulilolimaliza tukibishania nukta nane za digrii. Kontena lilikuwa uani, mashine yake ya baridi inanguruma mchana kutwa, dereva amejilaza kwenye mkeka chini ya trela. Alikuwa anangoja karatasi moja tu ili ashike njia ya Malaba, na kutoka hapo Mombasa. Karatasi haitoki.

Aliyeizuia ni mkaguzi wa mteja, kijana mpole kutoka Nairobi aliyekuja na begi dogo jeusi. Sharti la wanunuzi wa Ulaya linajulikana na kila mtu kiwandani, hadi wafagiaji: samaki aliyegandishwa asizidi −18 °C, mwili mzima, mpaka katikati ya mnofu. Upo msamaha wa joto kupanda kwa muda mfupi hadi digrii 3, ila huo ni wa safarini. Stoo haina msamaha.

Mkaguzi aliingia chumba cha baridi, akachagua katoni la katikati ya rundo, akatoboa mnofu kwa drili ya betri, akachomeka sindano ya kipimajoto chake. Tulisimama tukiangalia pumzi zetu zikitoka moshi. −17.4. Nami nikachomeka chetu katika tundu lile lile. −18.2.

"Chetu kina cheti," akasema meneja wetu wa ubora. Sote tulimwita Madamu. Kwao ni Masaka, Kiswahili alikijifunzia ukubwani, lakini akikasirika kilimtoka safi kuliko changu mimi mzaliwa wa Tororo.

"Na changu kinacho, Madamu," mkaguzi akajibu. "Tuseme basi, cheti chenu kinasemaje?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Vyeti vya kalibresheni, yaani vya kulinganisha chombo na kingine cha uhakika, katika viwanda vingi, na nimepita katika kadhaa, ni vitu vya kuonyesha muhuri. Mgeni akija, faili linafunguliwa ukurasa wa kwanza, anaona nembo, anaona tarehe, linafungwa. Namba ziko ukurasa wa pili. Nilikimbia ofisini nikalileta, tukasoma tumesimama mlangoni na makoti yetu mazito: karibu na −18, kipimajoto chetu kinasoma chini ya ukweli kwa digrii 0.2, shaka ya kipimo ni ±0.4, kwa uhakika wa takriban asilimia 95. Maana yake −18.2 yetu ilikuwa −18.0, nayo ingeweza kuwa −17.6 au −18.4 na cheti kisiwe kimedanganya. Cha mkaguzi hakikuwa na masahihisho, shaka yake ±0.5.

Nikapiga hesabu nyuma ya katoni tupu. Shaka mbili hazijumlishwi hivi hivi. Kila moja inazidishwa kwa yenyewe, zinajumlishwa, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Jibu 0.64. Tofauti iliyobaki kati yetu baada ya masahihisho ilikuwa 0.6, ndani ya shaka hiyo. Vipimajoto vyenyewe havikuwa na ugomvi wowote. Nilimwonyesha Madamu, akaniuliza kama hesabu hiyo inapakia kontena.

Fundi wetu wa baridi akatokea wakati huo. Mzee wa Kinubi kutoka Bombo, mtu wa makompresa tangu ujanani, asiyependa watu wa ofisini kukaa na mlango wa stoo wazi. Hakuuliza habari za vyeti. Aliichukua ile drili, akaishika ncha kwa vidole.

"Mwanangu, hii ililala wapi?"

"Ofisini, Mzee."

"Mnamtoboa samaki wa mainasi kwa chuma cha ofisini, halafu mnaulizana joto limetoka wapi?"

Mkaguzi alicheka, ila aliandika kwenye daftari lake. Mzee alikuwa sahihi, na kanuni za upimaji wa vyakula vilivyogandishwa zinasema vivyo hivyo: chombo cha kutobolea na sindano yenyewe vipozwe kwanza. Tukaviacha vyote ndani ya stoo, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi nilipendekeza jambo la pili. Mnofu ni mwembamba. Ukiuchoma kwa juu, sindano inazama kidogo tu, na sehemu iliyobaki nje inavuta joto la mkono na la hewa ya mlangoni hadi kwenye ncha. Tuchague bonge lililogandishwa likiwa limebanwa, tulitoboe kwa urefu, sindano izame mpaka karibu na mpini. Tukafanya hivyo. Chake kikasoma −17.9. Chetu −18.4, yaani −18.2 baada ya masahihisho. Nusu ya ugomvi wetu ilikuwa drili.

Nusu nyingine mkaguzi alitaka tuitafute kwenye barafu. Nilifurahi, maana kama kuna kitu kiwanda cha samaki kinacho, ni barafu. Watu hudhani unachomeka tu kipimajoto kwenye ndoo ya barafu ukasubiri sifuri, na kijana mmoja wa zamu akaleta ndoo ya vigamba vilivyotoka kwenye mashine dakika ile. Vilikuwa vyeupe, vikavu, vikigandana na glavu. Barafu ya namna hiyo iko digrii kadhaa chini ya sifuri, na kipimajoto kizuri kitakwambia hivyo. Nikaisaga zaidi, nikaijaza kwenye chupa pana ya chai, nikamimina maji baridi kidogo kidogo nikikoroga kwa mpini wa kijiko. Unaangalia rangi. Weupe unaondoka, vigamba vinakuwa vya kijivu, vinapitisha mwanga, na maji yanajaza nafasi zote bila barafu kuanza kuelea juu kwa raha. Ikielea, umezidisha maji: unayamwaga, unaongeza barafu. Maji yetu ni ya bomba, yana klorini na chumvichumvi zake, lakini yanasogeza sifuri kwa mia za digrii tu, na vipimajoto vyetu viliishia nukta moja. Tukazamisha sindano zote mbili sambamba, mbali na kuta za chupa. Chetu kikatulia kwenye 0.1, chake 0.2.

"Kwa nini hampimi na maji yanayochemka pia?" kijana wa zamu akauliza. Swali zuri, na kila mwaka kuna mtu anayerudisha kipimajoto kizima akidai kibovu kwa sababu kilisoma 96. Hapa Jinja tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kwenye digrii kama 96, na kipimajoto kinachosoma 100 ndicho cha kutiliwa shaka.

Kwa hiyo hakuna aliyeshinda. Vipimajoto vyote viwili vilikuwa vizima, samaki alikuwa palepale kwenye mstari, na mkaguzi akasema kwa upole uleule kwamba hawezi kusaini namba inayokaa kwenye mstari wenyewe. Akataka tumwandikie kipimo chetu pamoja na shaka yake yote, ya chombo na ya samaki.

Nilikaa na kikokotoo mezani mpaka jioni. Cheti kinakupa ±0.4 ya uhakika wa asilimia 95, ukigawa kwa mbili unapata shaka ya msingi, 0.2. Kipimajoto chenyewe huenda kimehama kidogo tangu kilipotoka maabara: nikakipa 0.12. Tarakimu ya mwisho inayoruka kwa nukta moja: 0.03, si kitu. Kilichonishangaza ni samaki. Matundu mawili katika bonge moja, sindano ileile, mkono uleule, yalitofautiana vya kutosha kunipa 0.2 nyingine, sawa na chombo kizima pamoja na maabara yake. Kipeuo cha pili cha jumla ya miraba hiyo ni 0.31. Mara mbili, kurudi kwenye asilimia 95, ±0.6. Ili tuseme kwa ujasiri kwamba samaki yuko chini ya −18, ilitubidi tusome −18.6 au chini zaidi, baada ya masahihisho.

Nikachora fomu mpya yenye safu ya ±, nikaipeleka kwa Madamu.

"Hii ya nini?"

"Shaka ya kipimo, Madamu."

"Unataka mteja asome kwamba hatuna hakika? Kiwanda chote hiki, vyeti vyote vile, halafu sisi wenyewe tuandike kwamba tunakisia?"

Simlaumu. Fomu za kiwandani zina utamaduni wake: namba inaandikwa pekee yake, imesimama wima, na anayeitilia shaka ni adui. Niliwahi kuhudhuria mafunzo ya vipimo Kampala, na nilikuwa nimefuatilia habari zilizokuwa zinawasisimua watu wachache sana duniani, mimi nikiwemo. Jumatatu ya juma lile, tarehe 20 Mei, Siku ya Vipimo Duniani, kelvini, kizio cha kimataifa cha joto, ilikuwa imebadilishiwa msingi. Nikaona hapa ndipo mahali pake.

Nikamweleza kwamba vipimajoto vyote vinapanda ngazi. Chetu kimelinganishwa na kipimajoto cha platini katika beseni la maabara, nacho kimelinganishwa na kingine bora, hadi unafika juu ambako hakuna tena kipimajoto cha kulinganisha, kuna vitu vyenyewe, vinavyoganda au kuyeyuka kwenye joto lilelile siku zote: zebaki kwenye −38.8344 °C, maji kwenye 0.01, galiamu inayoyeyuka kwenye 29.7646. Namba hizo ziko katika kipimo cha kimataifa cha mwaka 1990. Mainasi kumi na nane yetu imelala kati ya zebaki na maji. Na hayo maji si ya bomba. Ni maji safi kabisa, yamefungwa ndani ya chupa ya kioo iliyotolewa hewa, humo barafu, maji na mvuke vikikaa pamoja kwa shinikizo la paskali 611.66 hivi. Hali hiyo ilikuwa kelvini 273.16 kamili. Kamili kwa amri: tangu 1954 dunia ilikubaliana kwamba ndivyo, kwa hiyo haikuwa na shaka hata chembe.

"Na sasa?"

"Sasa wameikazia namba ya Boltzmann, inayounganisha joto na nishati, 1.380649 mara kumi kwa kipeo hasi 23, hiyo ndiyo haina shaka. Maji yamebaki na 273.16 yao, ila ni kitu cha kupimwa kama vingine. Yana ± ya kelvini 0.0001."

Aliitazama fomu. "Maji yenyewe?"

"Yenyewe, Madamu. Tangu Jumatatu."

Ningependa kuandika kwamba fizikia ndiyo iliyomshawishi. Nadhani kilichomshawishi ni mkaguzi, aliyechungulia mlangoni na kusema kwamba tusipoandika shaka yetu, yeye ataikadiria mwenyewe kwenye ripoti yake, na atakuwa mkarimu. Madamu akasaini.

Yaliyofuata yalikuwa ya Mzee. Alishusha stoo hadi −24, akalala kiwandani, umeme ukikatika anawasha jenereta kabla ya mlinzi hajafika. Hewa ilishuka upesi na wasimamizi wakaanza kushangilia namba za joto la hewa ubaoni, lakini katikati ya rundo la katoni baridi inaingia kwa kujivuta. Hewa ikiwa −24, bonge la katikati lilikuwa bado −18.5. "Ubao unapima upepo," Mzee aliwaambia, "mteja hali upepo." Aliwaamuru watawanye marundo, waache njia za hewa kati ya safu, kazi ambayo ilikuwa ikisemwa miaka yote na kuahirishwa kila msimu. Mwishowe mkaguzi na mimi tulitoboa kwa drili iliyopozwa, mabonge kutoka kila pembe. Joto la juu kabisa tulilopata, baada ya masahihisho, lilikuwa −20.1, ±0.6. Alisaini hapo hapo, akiegemea katoni. Kontena likaondoka, ingawa meli yake ilikuwa imeshang'oa nanga Mombasa na ilibidi watu wa mauzo watafute nyingine.

Safu ya ± ilibaki kwenye fomu. Wa zamu waliizoea haraka kuliko wakubwa. Bili ya umeme ya mwezi ule ilipokuja, Madamu aliiweka mezani kwangu bila neno. Mbele ya jumla, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika ± na kuacha nafasi nijaze.