Herufi Moja Katika Jeni, Koti Jingine la Sukari

Bakteria Streptococcus pneumoniae, anayesababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo, hujivika koti la sukari linalomkinga dhidi ya seli nyeupe za damu, na akilipoteza hubaki bila makali. Vitabu hutaja majaribio ya wanasayansi juu ya bakteria huyu, ya Frederick Griffith ya mwaka 1928, na ya Oswald Avery na wenzake ya mwaka 1944, kama mwanzo wa kuielewa DNA; mimi naona koti lenyewe, ambalo ndilo lililowapa alama ya kufuatilia, limepewa nafasi ndogo mno.

Katika takriban aina zote za bakteria huyu, zinazotofautishwa kwa koti lao na ambazo sasa zinazidi 100, jeni za koti zimepangana sehemu moja ya kromosomu, kati ya jeni ziitwazo dexB na aliA. (Aina ya 37 ni mkaidi: jeni inayomtengenezea koti iko mbali na hapo.) Jeni za mwanzo wa safu hiyo hufanana na huratibu kazi, ilhali zinazofuata hutofautiana, kwa kuwa ndizo zinazoamua sukari ipi iungane na ipi, na kwa namna gani.

Tofauti yenyewe yaweza kuwa ndogo ajabu. Aina za 6A na 6B hutumia sukari zilezile, lakini herufi moja tu ya DNA ikibadilika katika jeni ya wciP, kimeng'enya chake (protini inayofanya kazi ya kuunganisha) huiunganisha sukari iitwayo ramnosi na ribitoli, jamaa wa sukari, mahali pengine, na koti huwa jingine. Jambo hili si la maabara peke yake, kwani chanjo za watoto hufundisha mwili kuitambua sukari, wala si bakteria mzima. Chanjo dhidi ya aina 10 iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011 ilikuwa na 6B bila 6A, na huko Kilifi ilipunguza sana maradhi makali ya aina zilizomo.

Marekani, baada ya chanjo dhidi ya aina 7 kuanza mwaka 2000, aina ya 19A, isiyokuwamo, iliongezeka. Baadhi ya bakteria hao walikuwa wa ukoo wa aina ya 4, iliyomo ndani ya chanjo, ila walikuwa wamejitwalia jeni za koti la 19A. Na kwa kuwa jeni zinazohusika na usugu dhidi ya penisilini zimepakana na safu ya jeni za koti, walizichukua pamoja.