TV yako itakufa kwa taa kabla ya kuzeekeshwa na 8K

Mashindano makubwa ya mpira yakikaribia, swali ni lilelile: ninunue TV ya 4K sasa hivi, au nisubiri zile za 8K, zenye nukta za picha mara nne ya 4K, zishuke bei nisije nikabaki na TV ya kizamani? Nunua sasa. 8K usiitie hata kwenye hesabu, na sababu zake zinapimika kwa futikamba.

Jicho zima huweza kutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa sehemu moja ya sitini ya nyuzi. Ukigeuza kipimo hicho kuwa umbali wa kukaa, unapata kanuni nyepesi. Chukua inchi za TV: zidisha kwa 4 kama ni Full HD, kwa 2 kama ni 4K, kwa 1 kama ni 8K. Jibu ni sentimita. Ukikaa mbali kuliko hapo, nukta zimeshaungana machoni, na kuongeza nyingine ni kazi bure. Kwa TV ya inchi 55, mpaka wa Full HD ni mita 2.2, wa 4K ni mita 1.1, na wa 8K ni sentimita 55. Sasa pima kutoka kwenye kochi lako hadi ukutani. Sebule nyingi ni mita 2.5 hadi 3. Hata kwa TV ya inchi 85, ili uone tofauti ya 8K na 4K lazima usogee ndani ya mita 1.7, na hapo shingo itakuwa inageuka kulia na kushoto kufuata mpira.

Kwa kanuni hiyohiyo, anayekaa mita 2.5 mbele ya inchi 43 haioni hata 4K, maana mpaka wa Full HD kwa inchi hizo ni mita 1.7. Bado nitamwambia anunue 4K, kwa kuwa kwenye ukubwa huo watengenezaji wengi huweka vioo vyao vizuri na prosesa zao za maana (chipu zinazochakata picha) kwenye 4K. Ila asiambiwe dukani kwamba analipia ukali wa picha atakaouona akiwa kwenye kochi.

Halafu kuna suala la chakula cha kuilisha hiyo TV. 8K ni nukta 7680 kwa 4320, zaidi ya milioni 33, mara nne ya 4K na mara kumi na sita ya Full HD. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilianzisha chaneli ya 8K kwa setilaiti tarehe 1 Desemba 2018, na mkondo wake wa picha ni kama megabiti 85 kwa sekunde. Kwa saa moja hiyo ni takribani GB 38. Piga hesabu ya bando mwenyewe. Filamu ya 4K kwenye Netflix hula hadi GB 7 kwa saa, na hiyo tayari ni maumivu kwa asiye na faiba.

Upande wa chaneli za antena, nyingi bado ni za ubora wa kawaida, 720 kwa 576. Ukiiweka picha hiyo kwenye kioo cha 4K, kwa kila nukta iliyotumwa TV inalazimika kujaza nafasi ya nukta 20. Kwenye 8K ni 80. Prosesa inakisia tu. Ndiyo maana mtu hununua inchi 65, akarudi kulalamika kwamba taarifa ya habari ilionekana vizuri zaidi kwenye ile inchi 32. TV haina kosa. Ukungu uleule umetandazwa kwenye eneo kubwa mara nne.

Watengenezaji wenyewe wamepoa. Sony imeacha kuuza 8K. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 1 Machi 2023, uliziingiza 8K kwenye ukomo wa matumizi ya umeme, na zilipata shida kukaa ndani yake. Ni suala la fizikia: nukta zikiwa ndogo, sehemu ya kioo inayopitisha mwanga hupungua, kwa hiyo taa za nyuma lazima ziwake kwa nguvu zaidi.

Na kama siku moja matangazo yatahama kweli? Tulishaliona. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, Kenya ikafuata 2015, na TV za chogo hazikwenda jalalani. Ziliwekewa king'amuzi chenye waya za njano, nyeupe na nyekundu, zikaendelea miaka. Mawimbi yakibadilika, kinachobadilishwa ni boksi. Boksi lolote la kesho litakalopokea 8K litaweza kuipunguza hadi 4K au Full HD na kuitoa kwa HDMI.

Sasa tuje kwenye vinavyoua TV kweli. Cha kwanza ni taa za nyuma.

Kioo cha LCD hakitoi mwanga. Kinachuja mwanga wa mistari ya LED iliyopangwa nyuma yake. LED hizo zimeungwa moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya umeme, kila moja ikitumia volti 3 au 6 kutegemea aina. Moja ikikatika, mstari mzima unakosa umeme, saketi inayozilisha inagundua hitilafu na kuzima zote. Dalili yake: sauti ipo, picha hakuna, au picha inawaka sekunde moja kisha giza. Usikimbilie kusema kioo kimekufa. Zima taa za chumbani, washa TV, mulika tochi ya simu karibu na kioo kwa kuinamisha. Ukiona picha hafifu inatembea, kioo ni kizima na shida ni taa.

Matengenezo yake si ghali kama kioo, lakini fundi asiye makini anaweza kukuharibia kioo wakati wa kukitoa. Pembeni kina tepu nyembamba zilizobandikwa zinazopeleka picha. Zikikunjwa vibaya, unarudishiwa TV yenye mistari ya wima. Kuanzia inchi 43 kioo kinyanyuliwe na watu wawili na kilazwe juu ya blanketi. Badilisha taa zote kwa pamoja, kwa namba ya modeli ileile na volti ileile. Fundi akikuambia ataruka ile moja iliyokufa kwa kipande cha waya, kataa: doa jeusi litabaki, na wenzake wa umri uleule wako njiani.

Madoa meupe ya duara kwenye picha ni jambo jingine kabisa. Hivyo ni vifuniko vidogo vya lenzi vilivyodondoka kutoka juu ya LED. Hubandikwa upya kwa gundi ya epoksi. Super glue isitumike, mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye lenzi.

Kinachoziua taa ni joto, na joto linatokana na mwanga uliowekwa 100 tangu dukani. Ingia kwenye mipangilio ya picha, toa hali ya duka weka ya nyumbani, kisha shusha Backlight (mwanga wa taa za nyuma) hadi 50 au 60. Kwenye TV nyingi za zamani, Brightness hubadilisha weusi wa picha tu na taa zinabaki zikiunguza vilevile, kwa hiyo hakikisha umegusa inayohusika.

Mistari ya wima isiyoondoka kwa kubadili chaneli wala menyu mara nyingi ni kioo chenyewe. Kioo kipya hukaribia bei ya TV. Hapo acha.

Muuaji wa pili ni programu. Tarehe 1 Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011, zikiwa na vioo vizima kabisa. Dawa ni kijiti au boksi la HDMI. Tumia adapta yake ya umeme. Tundu la USB la TV mara nyingi hutoa nusu ampea tu, na kijiti kitakuwa kinajizima na kujiwasha katikati ya filamu. Kama TV yako ni 4K za mwanzoni, jaribu matundu yote ya HDMI kabla ya kulipia kifurushi cha 4K. Tundu lisilo na HDCP 2.2 (kinga ya kuzuia kunakili picha) litakupa Full HD au kioo cheusi chenye ujumbe wa hitilafu.

Kwa anayenunua leo, kuna hatari kubwa kuliko 8K: kasha la TV lililoandikwa "4K Supported". Maana yake mara nyingi ni kwamba TV inapokea mawimbi ya 4K na kuyapunguza yaingie kwenye kioo cha 1366 kwa 768. HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza) nayo ina ujanja huo. TV yenye mwanga wa niti (kipimo cha mwangaza) 250 au 300 itaipokea HDR, ila picha itatoka imefifia, na mara nyingi utaona vizuri zaidi ukiizima.

Nenda dukani na laptopu inayotoa 4K na waya wako wa HDMI. Weka 3840 kwa 2160, ukuzaji wa maandishi asilimia 100, fungua ukurasa wa maandishi madogo, sogea hadi sentimita 50. Kwenye 4K halisi herufi zitakuwa ndogo lakini zimekatika safi. Zikiwa zimevurugika hazisomeki, hicho si kioo cha 4K, na bei yake isiwe ya 4K.