Siku moja maishani mwangu: chumba cha meno, Jumanne ya kliniki

Mimi ni tabibu wa meno kwenye kituo cha afya pwani ya Tanga. Jumanne ni siku ya kliniki ya watoto, kwa hiyo ndiyo siku ninayowapata kina mama wanaonyonyesha kwa wingi.

Saa 1:30 asubuhi. Natoa koleo na vioo kwenye mashine ya kutakasia, nahesabu sindano za ganzi, nafuta kiti. Nje benchi limeshajaa.

Saa 2:15. Muuguzi anapima uzito, mimi napita benchini. Zamani nilikuwa nauliza, "Nani jino linamsumbua?" na wote wananyamaza. Siku hizi nauliza, "Nani anatafuna upande mmoja?" Leo mikono inainuka mpaka mwisho wa benchi. Mmoja anacheka huku kaziba mdomo kwa kanga.

Saa 3. Anaingia binti mwenye mtoto wa miezi minne, na mkwewe nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu jino linampwita usiku kucha. Nimemwambia avumilie, mtoto ndiye anayemnyonya meno, akiacha ziwa litatulia."

Gego la chini, kushoto. Kwenye tundu kuna karafuu, imejaa mpaka juu. Naitoa kwa ncha ya kifaa na harufu inajaza chumba. Chini yake jino ni laini na jeusi, limekwisha hadi kwenye kiini. Hili si la kuziba.

Namwambia mama mkwe, kwa adabu zote, kwamba mtoto hana kosa. Kalsiamu ya maziwa mwili huitoa kwenye chakula na kwenye mifupa, na mifupa hujirudishia mtoto akishaachishwa. Jino lililokwisha kuota halitoi kalsiamu kwenda kwenye maziwa. Kisha namuuliza binti anakula nini. Uji wa pilipili manga, tangu arobaini. Sukari? "Ya kutosha." Mara ngapi? Kila mtoto anaponyonya, na chupa ya chai iko kitandani kwa ajili ya usiku. Hapo ndipo penye shida. Bakteria wa mdomoni wakipata sukari hutengeneza asidi, na kila funda huacha jino kwenye asidi kwa karibu nusu saa au zaidi. Anayekunywa kidogo kidogo kutwa na usiku halipi jino nafasi ya kupumua. Na mswaki? Anacheka. Usiku wa mtoto mchanga nani anakumbuka mswaki?

Uji sijaukataza. Mzazi anahitaji uji. Nimesema sukari ipungue, uji unywewe na chakula, na chupa ya usiku iwe ya maji.

Swali la binti mwenyewe linakuja kwa sauti ndogo: ganzi haitaingia kwenye maziwa? Ganzi tunayotumia, lignokaini, hupita kwenye maziwa kidogo mno. Anaweza kunyonyesha akishuka tu kitini, hakuna maziwa ya kukamua na kumwaga. Nachoma, tunasubiri, natoa jino. Mtoto amelala kwa bibi muda wote. Anaondoka na parasetamoli, ambayo nayo haina neno kwa anayenyonyesha.

Saa 4:40. Umeme umekatika. Wengine wangefunga chumba, mimi navuta kiti dirishani. Tundu dogo nalikwangua kwa vifaa vya mkono na kuliziba kwa dawa nyeupe inayotoa floraidi, bila mashine hata moja. Njia hii ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na sijui kwa nini hatuitangazi zaidi. Nimeziba matatu kabla umeme haujarudi.

Saa 7. Mihogo ya kuchemsha, chai ya rangi. Ndiyo, haina sukari, na wauguzi wananicheka.

Saa 8:20. Hii ndiyo inayoniuma. Mama kaleta kichanga mwenye homa na kuhara; jirani kamwambia ana "meno ya plastiki" na kuna mzee wa kuyachimba. Ashukuriwe Mungu kapitia kwetu kwanza. Naigusa fizi kwa kidole, namwonyesha: kile kinachoonekana cheupe ni mbegu ya jino la mtoto, haliumwi na halileti kuhara. Wakilichimba huleta kidonda, usaha, damu, na hata jino la kudumu linaweza kuota vibaya. Nampeleka mwenyewe kwa daktari wa watoto, homa ina sababu yake.

Saa 9:30. Naandika rejista. Safu ya "kung'oa" ni ndefu kuliko ya "kuziba", kama Jumanne iliyopita. Nimemwendea muuguzi mkuu tena: mjamzito akija hudhurio la kwanza, aingie na kwangu, maana meno yanatibika hata kwenye ujauzito na mwezi wa nne hadi wa sita ni muda mzuri kabisa. Kasema nilete hoja kikao cha Jumatatu. Nitaileta na rejista.